Nilikuwa Nimekalia Ugonjwa wa Gari

Ndiyo, nilimshika mkono. Nasema mapema kabla hujaniuliza, maana naona vile macho yako inazunguka. Nilimshika mkwe wangu mkono, mchana peupe, na si mara moja. Mara ya kwanza ilikuwa vidole, mara ya pili kiganja chote. Na nilimwita jina lake, lile mamake alimpa. Na nilimpigia kelele kama mtu anafukuza ng'ombe kwa mahindi. Sasa umejua. Kaa chini nikwambie kwa nini.

Pengine wewe umetoka mahali watu wanasalimiana tu ovyo. Kwetu Bungoma, mama ya msichana na bwana ya huyo msichana hawakaribiani. Akija kwangu, mimi naingia jikoni. Chai yake inapelekwa na mtu mwingine. Tukikutana kwa njia, mmoja anaingia kwa majani mpaka mwingine apite. Hatushikani mkono, hatukuli pamoja, hatuangaliani. Akiwa na neno na mimi, anaambia bibi yake, bibi yake ananiambia. Sisi tunaita chisoni. Ni aibu, lakini aibu ya heshima. Si ati tunachukiana. Huyo kijana nilikuwa nampenda hata kuliko wengine nilizaa mwenyewe, lakini kwa miaka minne nilikuwa nimeona kisogo chake tu.

Kwa hivyo nilimjua na masikio. Kikohozi chake, kile cha kuomba ruhusa, "ehe-hem," kama mtu anabisha mlango na koo. Viatu vyake, moja inaburuta. Na gari yake.

Yeye ni fundi wa magari huko Kibomet, Kitale, na msichana wangu, kitinda mimba, alikuwa anaishi naye huko. Gari lenyewe lilikuwa kadogo, keupe, mlango mmoja wa rangi ingine. Kila akiondoka kwangu, nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni. Kwanza inasema *nzziii*, kidogo tu, kama mbu amefungiwa ndani ya kibuyu. Halafu *kuyu-kuyu-kuyu*. Halafu *vruuum*. Mambo matatu, kila siku, kama vile padre hawezi kuruka mstari. Nilikuwa nafanyia msichana wangu hiyo gari usiku tukichambua maharagwe, na mashavu na pua na kila kitu, mpaka anashika tumbo anasema, "Mama, wacha bana! Utanifanya nizalie hapa!"

Mimi sikusoma. Ukiniandikia jina langu naweza kukalia hiyo karatasi. Lakini sauti ikiingia kwa hii sikio haitoki. Mzee wa kanisa akiomba na njaa, naweza. Kuku akitafuta mahali pa kutaga, naweza. Watu wanacheka, mimi pia nacheka. Na nikwambie siri: nikiogopa ndiyo nafanya mzaha zaidi.

Hiyo siku nilifanya mzaha mpaka ukaisha.

Msichana alikuwa amekuja kwangu, huku karibu na Chwele, mimba ya kwanza, mwezi wa nane. Ilikuwa siku ya soko. Majirani wote walikuwa wameshaenda na nyanya zao na mbuzi zao, ukiita hakuna mtu wa kuitika. Mkwe alikuwa amekuja asubuhi kutoka Kitale kumwona bibi yake. Mimi, kama kawaida, jikoni, napigana na moshi.

Nikasikia msichana ameita, "Mama."

Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilinitia baridi. Huyu ni mtoto akiona mjusi anaamsha kijiji. Aliita polepole, kama mtu amebeba kitu kimejaa na hataki kimwagike.

Nikatoka. Alikuwa amesimama kando ya beseni ya nguo, na damu ilikuwa inashuka kwa mguu.

"Unaskia uchungu?"

"Siskii kitu. Inatoka tu."

Wewe ungefurahi ati hakuna uchungu. Mimi nilitaka kukaa chini. Dada yangu mkubwa alianza hivyo hivyo. Damu bila uchungu, asubuhi, anatuambia ni kitu kidogo, na tukamsubiria mpaka saa tisa. Mtoto wake nililea mimi. Kwa hivyo nilijua, na sikumwambia. Nilimwambia, "Hata mimi hiyo ilinitoka nikiwa na wewe." Uongo. Nilimpaka huo uongo kama mafuta.

Kliniki yake ilikuwa hospitali ya misheni huko Lugulu. Gari ilikuwa moja. Na mwanamke wa kumshika njiani alikuwa mmoja, na huyo ni mimi.

Mkwe alisimama mbali, uso kwa ua. "Mwambie mama aingie nyuma na wewe," akasema, na sauti yake ya chini, ile ya mtu anaongea na viatu vyake.

"Mama, anasema uingie."

"Mwambie nimeskia."

"Anasema ameskia."

Nikajifunika leso kichwa mpaka pua, nikakaa nyuma, kichwa cha msichana juu ya mapaja yangu. Na unajua huyo kijana alifanya nini? Ile kioo ndogo ya juu, ya kuangalia nyuma, aliigeuza ikaangalia paa. Ndiyo asinione. Akaendesha hivyo, kwa mvua nyepesi, hajui ni nini inamfuata. Nilifikiria, huyu amelelewa vizuri. Halafu nikafikiria, Mungu wangu, trekta ya miwa ikitoka huko nyuma tutaheshimiana mbinguni.

Gari ilienda vizuri mpaka mahali miwa inafunika barabara pande zote mbili, hakuna nyumba, hakuna duka. Hapo ikaanza kusitasita. Inavuta, inalegea, inavuta, kama ng'ombe mzee kwa mlima. Halafu ikakohoa, ikanyamaza. Tukabiringika kidogo tukasimama.

Mkwe akazungusha ufunguo. *Kuyu-kuyu-kuyu-kuyu.* Hakuna *vruum*.

Akazungusha tena. *Kuyu-kuyu-kuyu.*

Na mimi hapo nyuma, nikaskia kitu hakiko. Mbu hayuko. Ile *nzziii* ya kwanza, yenye nimeskia miaka minne kutoka jikoni, leo haikulia. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Mama mkwe anaanza vipi kuambia mwanaume juu ya gari yake? Na ni fundi, wa gereji, na mimi nimesomea moshi. Nikasema, atajua mwenyewe.

Kumbuka hapo. Nitarudi hapo.

Akatoka, akafungua bonneti. "Mwambie mama asiogope."

"Mama, anasema usiogope."

"Mwambie mimi siogopi."

"Anasema haogopi." Na kichwa chake kilikuwa kinaruka juu ya magoti yangu vile yalikuwa yanatetemeka. Msichana akaniangalia kutoka chini, akacheka kidogo. "Mama, muongo wewe."

Mkwe alianza kuongea na injini. Mafundi wanaongea na injini kama mtu anaongea na mtoto mgonjwa, na yeye akiwa na wasiwasi anasema kila kitu kwa sauti, hiyo nilikuwa nimejua kutoka zamani. "Stata inazunguka na nguvu. Betri iko sawa. Basi ni moto ama ni petroli. Moja kati ya hizo mbili." Akatoa waya moja mnene, akafungua plagi, ile kitu inatoa cheche ya kuwasha petroli ndani. Sasa ilibidi mtu mwingine azungushe ufunguo yeye akiangalia kama cheche inaruka.

Akakohoa. "Ehe-hem. Mwambie mama, kama haitakuwa vibaya, aende mbele azungushe ufunguo."

"Mama..."

"Nimeskia, mimi si kiziwi."

Nikamteremsha kichwa polepole juu ya kikapu cha nguo za mtoto. Nikatoka na mlango wa upande ule mwingine ili tusikutane. Yeye aliniona natoka, akarudi nyuma mpaka akaingia kwa miwa. Yaani mtu ana bibi anatoka damu, na anaingia kwa miwa kwa sababu mimi napita! Na mimi sikuona ni ujinga. Niliona ni sawa kabisa. Nilingoja hata amalize kuingia.

Nikakaa kwa kiti cha dereva, mara yangu ya kwanza maishani. Akarudi kwa injini. Kupitia ule upenyo chini ya bonneti niliona vidole vyake tu, vyeusi na grisi, vimeshika plagi.

"Mwambie azungushe."

"Mama, zungusha."

*Kuyu-kuyu-kuyu.* Na kwa vidole vyake nikaona kitu cha rangi ya buluu, *ta! ta! ta!* kama radi ya sisimizi.

"Moto iko," akasema. "Moto iko vizuri kabisa. Basi ni petroli."

Nikasema ndani ya roho, si nilijua. Mwambie. Lakini msichana alikuwa amefunga macho, na kusumbua mgonjwa na habari ya mbu sikutaka.

Kutoka mbele ikaja bodaboda. Kijana na mbuzi watatu, mmoja mbele na wawili nyuma wamefungwa kama mizigo. Akasimama. Ni mtu wa huku kabisa, ulimi wake unabadilisha maneno vile anataka.

"Mayi! Gali imekataa?"

"Imekataa."

"Imekula nini? Hizi gali za Kitale zinapenda kuringa. Mlete huyo mgonjwa tumpange hapa katikati, mbuzi itasonga. Huyu mbuzi ni mpole, hata ameokoka." Alikuwa anacheka. Akainama kwa dirisha la nyuma. Halafu akawacha kucheka. Alitoa kofia, sijui kwa nini. Watu wanatoa kofia mahali pa maiti. Nilitaka kumpiga hiyo kofia na ngumi.

"Mayi," akasema, sauti imekuwa ingine, "huyu hawezi kukaa kwa piki. Wacha nikimbie nitafute gali." Akaenda. Mbuzi wakalia mpaka wakaisha. Alirudi ama hakurudi, sisi hatukumngojea.

Mkwe sasa alikuwa amerudisha plagi na waya, na ameshika bisbisi ndefu. Akaweka mpini kwa sikio, na ncha akaigusisha kwa injini, kama daktari anaskiliza kifua. "Naskiza injekta," akamwambia msichana. "Ni zile zinatemea injini petroli. Zikifanya kazi zinagonga. Mwambie mama azungushe."

Msichana alichukua muda. "Mama," akasema. "Zungusha."

Nikazungusha. Yeye akahamisha bisbisi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. "Zinagonga," akasema. "Zote. *Tik-tik-tik.*" Akaenda nyuma ya gari akainama kwa egzosi, akanusa. Akarudi amekunja uso, na hiyo naikumbuka kwa sababu nilichungulia kidogo chini ya leso. "Hakuna harufu. Moto iko, injekta zinagonga, lakini petroli haifiki." Akasimama hapo. Akaangalia kiti cha nyuma, akaangalia chini haraka. Akakohoa.

Mimi niliona hiyo kukohoa. Niliona ana neno na amelimeza. Mimi pia nilikuwa na langu nimelimeza. Tulikuwa hapo kama watu wawili wamekula moto na wanangojea nani ataomba maji.

"Pengine injekta zimeziba," akasema mwishowe. "Pengine ni uchafu kwa petroli. Nitazifungua nizisafishe. Mwambie mama ni kama nusu saa."

Hakuna mtu aliniambia.

"Mwambie mama ni nusu saa," akarudia, ameinama, spana mkononi, ameshaanza kulegeza nati ya kwanza.

Kimya.

Nikageuka. Leso nilikuwa nimemfunga ya manjano, na haikuwa tena ya manjano mahali popote. Midomo yake ilikuwa kama jivu la asubuhi. Nikamshika shavu. Lilikuwa na baridi, na jasho juu ya baridi.

"We," nikamwambia. "We, nitakufanyia gari. Skiza. *Nzziii. Kuyu-kuyu—*" Hiyo ilikuwa inamchekesha hata akiwa na malaria.

Macho yalifunguka kidogo, yakaniangalia kama mtu anakuangalia kutoka ndani ya kisima, yakajifunga. Nikaona dada yangu hapo. Si ati kama ndoto. Nilimwona na ile nguo alivaa, na ile saa tisa yake.

Hapo ndiyo nilimwita mkwe jina. Nililiita mpaka ndege wakatoka kwa miwa.

"Wacha hiyo nati! Nzziii iko wapi?"

Spana ikaanguka. Akasimama, akaniangalia usoni. Na mimi nikamwangalia, leso yangu imeanguka sijui saa ngapi. Ni mtoto! Kwa miaka minne nilifikiria mwanaume mkubwa wa kukohoa, kumbe ni katoto kana mwanya kwa meno, machozi yamechora njia kwa grisi.

"Mama?"

"Gari yako! Kila siku inaanza *nzziii*, halafu *kuyu-kuyu*, halafu *vruum*! Leo ni *kuyu-kuyu* peke yake! Tangu izimike, hakuna *nzziii*! Nimekaa hapo nyuma na haikulia hata mara moja!"

Nilimfanyia hiyo *nzziii* na meno, vizuri kabisa, sijawahi kufanya vizuri hivyo. Akashika kichwa na mikono yote miwili.

"Ni pampu," akasema. "Pampu ya petroli. Imekwama." Halafu akaangalia chini, aibu ikamrudia hata saa hiyo. "Hata mimi nilishuku, mama. Kwa gereji tunaanzaga hapo, mtu anaweka sikio kwa kiti cha nyuma anaskiza. Lakini pampu iko chini ya kiti. Na ulikuwa umeikalia."

Wewe fikiria hiyo. Mimi nilijua haikulia, na sikusema kwa sababu yeye ni mkwe. Yeye alijua ni wapi ataangalia, na hakuuliza kwa sababu mimi ni mama mkwe, ataniambiaje niinuke aweke sikio mahali nimetoka kukalia? Basi akaenda kutafutia ugonjwa mbele, mahali hauko, kwa heshima. Na mtoto wangu katikati yetu anapeleka ujumbe na damu inaisha.

"Tumtoe hapo," nikasema.

Hakungoja aambiwe na mtu wa tatu. Alilaza kiti cha mbele, akaja upande wangu. Tukapitisha mikono chini ya msichana, yeye huku na mimi kule, na ili asituponyoke ilibidi tushikane. Vidole kwa vidole. Nilisikia grisi, nilisikia joto, na nilingojea ardhi ipasuke. Sikwambii uongo, nilingojea. Tangu nikiwa mdogo nimeambiwa itapasuka. Tukambeba, tukamlaza mbele.

Akang'oa kiti cha nyuma kama mtu anang'oa muhogo. Chini kulikuwa na kifuniko cha bati na skrubu nne. Moja ilikataa, akaitukana tusi nililijua lakini sikujua yeye analijua. Kifuniko kikatoka, na hapo ndani, pampu, kitu kidogo na waya na vumbi.

Akanipa bisbisi, ncha ikiangalia kwangu. "Ukishika hapa, unagonga na huu mpini wa plastiki. Usigonge na chuma, mama, chuma itatoa cheche na hapa ni petroli, tutaungua wote. Nikisema piga, unapiga. Si kwa hasira. Kama unaamsha mtu."

Nikapiga magoti ndani ya gari. Mimi naogopa hata kiberiti kikilia. Harufu ya petroli ikaniingia mpaka kwa macho.

"Piga!"

*Ko, ko, ko.* Yeye, *kuyu-kuyu-kuyu.* Hakuna.

"Piga, mama!"

*Ko, ko, ko, ko.* Hakuna.

Nikamwona msichana kutoka nyuma, mkono wake umening'inia kando ya kiti, hauna mwenyewe. Nikasahau mambo ya kuamsha mtu. Niligonga hiyo pampu kama inadaiwa roho ya mtu, na ilikuwa inadaiwa. Na katikati ya kugonga nikaskia chini ya mkono wangu, nyembamba, mbaya, inakwaruza, lakini ni yeye. Mbu.

*Nzz. Nzziii.*

"Imelia!" nikapiga kelele. "Zungusha, imelia!"

*Kuyu-kuyu-vruuum.*

Hakuna mtu alishangilia. Akarudi kukaza ile nati mbio mbio, akafunga bonneti, tukaondoka na milango haijafungwa vizuri. Na kabla ya kona ya kwanza aliinua mkono, akairudisha ile kioo ya juu. Akaigeuza mpaka ikaniangalia. Macho yake na yangu ndani ya kioo moja.

"Usiache kuiskiza," akasema. "Ikianza kufa, piga. Usingoje nikuambie."

Basi hivyo ndivyo nilifika Lugulu. Kwa magoti, kichwa ndani ya shimo, sikio kwa pampu. Mara tatu sauti ilikuwa nyembamba, mara tatu niligonga. Kwa tuta moja nilijigonga kichwa nikaona nyota, sikuacha. Nilikuwa namwomba Mungu na pampu pamoja, sikuwa najua nani ananiskia.

Kwa geti ya hospitali walikuja na kitanda cha magurudumu. Walimtoa haraka, wakaingia naye. Mimi nilibaki ndani ya gari, miguu imekufa, siwezi kuinuka. Mkwe alirudi, akaweka mkono ndani. Mimi nikauangalia huo mkono. Halafu nikaushika, kiganja chote, akanivuta kama mtu anavuta gunia.

Benchi ilikuwa moja. Tukakaa. Katikati tuliacha nafasi ya mtu mmoja, si ya heshima, sisi wawili tulijua ni nafasi ya nani. Nilikuwa naskia moyo wake, ama ni wangu. Saa ikatembea ukutani, na mimi sijui kusoma saa, kwa hivyo nilikuwa namuuliza mkwe, "Ni saa tisa?"

"Bado, mama."

"Na saa hii?"

"Bado."

"Sasa?"

"Saa tisa imepita, mama."

Na mlango ulikuwa haujafunguka. Ulikuja kufunguka baadaye, na muuguzi mnene, mwenye sauti ya kuuza viazi, akasema, "Wenye huyu wa damu ni nani? Ni msichana. Ni mdogo kama kiatu, lakini ana mdomo. Mama yake tumemwongezea damu, amelala. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine." Mkwe alilia kama mwanamke. Mimi nililia kama mwanaume, yaani nilienda nje.

Ungefikiria imeisha hapo. Hata mimi.

Walipotoka, katoto kakiwa na wiki kadhaa, kalikuwa na kakikohozi. Na maneno yalikuwa yameshafika mbali. Akaja senge, ndiye shangazi ya watoto wangu, dada ya marehemu mzee wangu. Huyo ndiye anashika mila ya hiyo nyumba, na akishika mila mkono mmoja, mkono ule mwingine unashika paja la kuku. Hajawahi kukosa matanga tangu nimjue. Alikaa sebuleni, sahani kwa magoti, na akaanza kuuliza na pua, vile anauliza.

"Ati mlishikana? Mkono na mkono?" Akatafuna. "Na benchi moja? Na ulimwita jina?" Akatafuna. "Sasa mnashangaa mtoto anakohoa?"

Wewe, niliogopa. Nilikuwa nimerudi jikoni, naongea naye kupitia mlango, kwa sababu mkwe alikuwa amekuja na amesimama huko nje kwa ua, uso kwa miti. Ndiyo, tulikuwa tumerudi mahali petu, yeye nje na mimi kwa moshi, kama hakuna kitu kilifanyika. Na kila katoto kakikohoa, "keh," mimi nilikuwa naona kile kiganja changu kama kina kidonda. Barabarani niliogopa kwa mchana mmoja. Hii ingine nililala nayo.

Senge akasema huyo kijana asikanyage tena hapo mpaka kondoo achinjwe na sisi wawili tuoshwe. Na mpaka hapo, mtoto na mama wasirudi Kitale. Wakae. Hata kama ni mwaka.

Nilifungua mdomo niseme sawa. Neno lilikuwa limeshafika kwa meno.

Msichana alikuwa kwa kona ananyonyesha, bado mweupe kwa midomo. Hakuinua hata kichwa.

"Senge," akasema, "hawa wawili wangeendelea kuheshimiana vile unataka, hiyo kuku unakula saa hii ingekuwa ya matanga yangu."